Tela la kulala: shajara kuanzia karakana ya Majengo hadi Pangani

Februari 3

Leo nimenunua chuma, kwa hiyo maneno yamekwisha. Miaka miwili nimekuwa nikichora tela hili nyuma ya karatasi za mitihani, mpaka mama watoto akaniuliza kama ninajenga tela au ninajenga karatasi. Nimetoka dukani na mabomba matatu ya mraba ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, kila moja mita 6. Yamepelekwa Majengo, hapa Moshi, kwa mkokoteni, mimi nyuma nimeshika kitambaa chekundu kama mtu anayesindikiza harusi.

Ninachotaka ni kitu kidogo: kitanda cha watu wawili chenye paa, jiko nyuma, kivutwe na RAV4 yetu ya 1998 bila gari kulia. Hema letu lilikufa mwaka juzi Marangu. Tuliamka saa nane usiku godoro likielea. Nyumba za wageni nazo ni nzuri, ila mke wangu ana orodha yake ya mashuka aliyoyaona, na siwezi kubishana nayo.

Umbo ni lile la tone la maji lililolala ubavu, ambalo Wamarekani walianza kujijengea nyumbani miaka ya 1930. Siri yake ni kwamba limefuata kipimo cha ubao. Marine board ni mita 2.44 kwa 1.22. Ukijenga tela lenye urefu wa 2.44 na upana wa 1.22, sakafu ni ubao mmoja mzima, na kila ubavu ni ubao mmoja uliokatwa tao juu. Vipande vya kutupa ni vichache.

Februari 10

Fundi ni mzee wa miaka sitini na kitu, amechomelea mageti nusu ya Majengo. Nilipomtandikia mchoro aliuangalia muda mrefu, akaugeuza juu chini, akaugeuza tena.

"Mwalimu, hili ni la kubebea mbuzi?"

"La kulala, Mzee."

"Nani alale humo?"

"Mimi na mama."

Hakusema kitu. Aliwasha grainda.

Nimejifunza jambo leo ambalo michoro yangu haikuwa nalo. Fundi hachomelei moja kwa moja. Anapiga pointi kwanza, tone moja la moto kila kona, kisha anachukua kamba na kupima fremu kutoka kona hadi kona. Mshazari wa kwanza ulikuwa mita 2.73, sawasawa na hesabu yangu. Wa pili ulizidi kwa milimita 11. Kwa macho usingeona lolote. Aliiegemeza fremu kwenye mwembe, akaigonga kona kwa nyundo mara tatu, akapima, akagonga mara moja tena kwa upole kama anayebisha hodi kwa mkwe. Kamba ikasoma sawa pande zote. Hapo ndipo akashusha miwani na kuchomelea kikwelikweli. Angechomelea kabla, tela lingekwenda upandeupande maisha yake yote na tairi zingelika bila sisi kujua sababu.

Chuma kilichotumika ni mita 14 na ushee, pamoja na ulimi wa mbele wa umbo la A, ule unaoshikana na gari. Kwa kilo nne na robo kila mita, fremu peke yake imepita kilo 60.

Februari 25

Ekseli, mhimili wa magurudumu. Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu Jumamosi mbili. Nilitaka habu, yaani vitovu vya magurudumu, zenye matundu matano kama za RAV4, ili rimu ziingiliane na tairi moja la akiba lifae gari na tela. Watu wengi hawalifikirii hilo, wanaishia kubeba akiba mbili. Nimepata habu nzuri. Beringi zake nimezitupa na kununua mpya. Beringi ya mtumba sitaki hata ya zawadi.

Springi ni za pikapu. Ni ngumu mno kwa tela jepesi, kwa hiyo fundi amefungua bolti ya kati na kutoa vipande viwili kila upande. Tumepanda wawili juu ya fremu tukaruka kama watoto. Inanesa vizuri.

Nimemwambia afunge ekseli asilimia 60 ya urefu wa bodi kutoka mbele, ndivyo wanavyoshauri wajuzi: nyuma kidogo ya kati, ili uzito uegemee kwenye ulimi. Kutoka kichwa cha kuvutia hadi ekseli imekuwa mita 2.3. Fundi aliuliza, "Nyuma utaweka nini?" Nikasema jiko. Akasema "Haya." Hiyo "haya" ningeisikiliza vizuri, shajara hii ingekuwa fupi.

Machi 16

Sakafu ya milimita 18 imekaa, chini imepakwa rangi ya lami matabaka mawili. Kuta za milimita 12 zimesimama. Tao la ubavu nililichora kwa fito nyembamba iliyobanwa na misumari minne. Ukisogeza msumari mmoja fito inajipinda yenyewe mpaka jicho liridhike. Nilikata ukuta wa kwanza, nikaulaza juu ya wa pili kama kiolezo. Mkono ulitetemeka mahali pamoja karibu na mlango, na sasa tela lina kovu pande zote mbili, pacha kabisa.

Machi 30

Paa ndilo lililonitoa jasho. Ubao wa milimita 6 haukubali kukunjwa kwenye tao la mbele. Nimejaribu, ukapasuka kwa mlio uliomtoa jirani nje na taulo. Nimebadili: mbao mbili nyembamba za milimita 3, moja juu ya nyingine na gundi katikati. Nilizilowesha kwa magunia mabichi usiku kucha. Asubuhi tulianza kuzibana kutoka nyuma kwenda mbele, sentimita chache chache, mwanangu mkubwa akikaa juu ya paa kama mzigo, na mifuko ya mchanga ikifuata. Ubao uliolowa una sauti yake, unakwaruza polepole kama mlango wa zamani. Ukinyamaza ghafla, acha, subiri. Ukiendelea, utavunjika.

Juu yake litakuja bati bapa la geji 28 na ribiti.

Aprili 13

Masika imenipimia kazi bila kuombwa. Mvua ya juzi usiku ilinyesha tangu saa nne hadi alfajiri, na asubuhi kulikuwa na dimbwi kwenye kona ya kulia, pale vichwa vyetu vitakapolala. Nilipaka silikoni kwenye ukingo wa mlango. Jana dimbwi lilikuwa palepale.

Kasoro ya maji ni kwamba hayaingii pale unapoyaona. Leo nimechukua vumbi la chaki kutoka shuleni, lile linalobaki kwenye kibao cha kufutia, nikalipaka ndani kwenye maungio yote ya dari na kuta. Kisha mwanangu akamimina maji juu kwa kopo, polepole, akianzia chini kwenda juu, huku mimi nimelala ndani na tochi. Dakika kumi hakuna kitu. Alipofika kwenye ribiti ya saba ya mshono wa mbele, mstari mweusi ukachora kwenye chaki, ukashuka kama chozi, ukafuata mbao hadi konani. Mita nzima kutoka pale lilipokuwa dimbwi! Ribiti ilikuwa imeingia upande, tundu likawa kubwa kuliko kichwa chake. Nimeitoboa, nimeweka nene zaidi, silikoni chini na juu.

Mlango sikuugusa tena. Maskini, haukuwa na kosa.

Mei 18

Nimekaa kimya mwezi mzima kwa sababu ya mitihani. Haya ndiyo yaliyofanyika:

Umeme ni betri ya amperi-saa 100 na paneli ya sola ya wati 100 ambayo haijafungwa juu ya paa. Tunaiegemeza popote penye jua, tela likae kivulini. Betri ya aina hii hutakiwi kuinywa zaidi ya nusu, kwa hiyo nina kama wati-saa 600. Taa mbili, simu mbili na feni ndogo ya usiku hazifiki 150. Siku tatu za mawingu hazinitishi.

Taa za nyuma zilinipa kichaa siku mbili: nikikanyaga breki huku kiashiria kinawaka, vyote vinapepesa pamoja. Ukiona hivyo usihangaike na balbu, ni waya wa hasi haujashika vizuri. Rangi ilikuwa imezuia chini ya bolti. Msasa kidogo, kwisha.

Jiko liko nyuma chini ya mlango unaofunguka kwenda juu: kaunta, mtungi wa gesi wa kilo 6, rafu za vyombo, na tangi la maji la lita 40. Tairi la akiba limefungwa nje nyuma. Kila kitu cha jikoni mahali pamoja. Nilijisifu sana.

Godoro: nilinunua la nne kwa sita. Futi nne ni sentimita 122. Upana wa nje wa tela ni sentimita 122. Toa kuta mbili za milimita 12… Nimefundisha hesabu za namna hii miaka kumi na saba. Tumelisukuma kwa magoti likaingia, limevimba katikati kama chapati. Mke wangu anasema ni zuri hivyo, linatukutanisha.

Juni 8

Jaribio la kwanza, Moshi hadi Himo na kurudi, mzigo wote ndani, tangi limejaa.

Mjini lilifuata kama mbwa mwema. Watu walipunga mikono. Tulipotoka nje ya mji nikaongeza mwendo, 60, 70. Kwenye mteremko, sindano ikikaribia 80, nilihisi kiti kinasukumwa kushoto. Kisha kulia. Kushoto tena, zaidi. Kwenye kioo niliona ukuta mzima wa tela upande mmoja, halafu ukuta wa upande wa pili. Basi lilikuwa linakuja mbele.

"Punguza," mke wangu alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonitisha.

Kitu kimoja nilikijua: usikanyage breki kwa nguvu, na usishindane nalo kwa usukani. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani wima, nikangoja. Lilichezacheza kama mara sita zaidi, kila mara kidogo kuliko iliyotangulia, likatulia kwenye 50. Tulisimama pembeni chini ya mgrevilia. Hatukuongea mpaka chupa ya maji ikaisha.

Tulirudi kwa 40, foleni ya malori nyuma yetu.

Juni 9

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kwenye ulimi wa tela, akaushika kwa mkono mmoja na kuunyanyua. Kwa mkono mmoja, mzee wa miaka sitini.

"Mwalimu. Nilikuuliza nyuma utaweka nini."

Tumelivuta hadi soko la Mbuyuni kwa mfanyabiashara wa mahindi mwenye mizani ya jukwaa. Tuliweka gurudumu moja juu ya mizani, upande wa pili ukawekewa mbao za kimo kilekile ili tela lisiegemee. Wapakuzi wote waliacha kazi. "Humo mna debe ngapi?" mmoja akauliza. Gurudumu la kushoto kilo 197, la kulia 195, ulimi 18. Jumla 410.

Ulimi unatakiwa ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Wangu ulibeba asilimia 4 na kidogo. Tela ambalo halikandamizi gari mbele linakuwa kama mshale uliofungwa jiwe mkiani: likipata sababu ndogo tu ya kuyumba, uzito wa nyuma unaliendeleza. Asilimia 60 yangu ilikuwa sahihi kwa boksi tupu. Lakini sikujenga boksi tupu. Nilijenga jiko.

Jambo lenyewe ni mada ya nguvu zilizo katika msawazo, kidato cha pili. Kesho kutwa kipindi cha pili ninaifundisha, kwa rula na mawe.

Hesabu tuliipiga palepale juu ya gunia. Tangi lenye maji lina kilo 40, limekaa sentimita 90 nyuma ya ekseli. Likihamia mita 1 mbele ya ekseli, chini ya kitanda, litakuwa limesogea mita 1.9. Arobaini mara 1.9, gawa kwa 2.3, unapata kilo 33 zinazorudi kwenye ulimi. 18 na 33 ni 51. Asilimia 12.

Fundi hakuhitaji hesabu. Tayari alikuwa amekaa chini ya tela anapima tundu la mpira wa maji.

Juni 15

Tangi limehama, bomba la plastiki linapita chini ya sakafu hadi jikoni, pampu ndogo ya volti 12 inasukuma. Mizani imesoma 50. Muuza mahindi ametutoza bei ya kupima gunia moja na kusema turudi siku yoyote.

Njia ileile, mteremko uleule. Nilifika 80 mikono imelowa. Halikutingishika. Nimeamua hata hivyo mwisho wetu ni 70. Tela halina breki zake, na RAV4 inabeba dhamana ya kusimamisha vyote viwili.

Juni 27

Usajili wa TRA (mamlaka ya mapato), ukaguzi, bima. Tela lina namba yake yenyewe, tofauti na ya gari. Mkaguzi alikagua taa, viakisi mwanga, na minyororo miwili ya usalama inayoshika gari na tela iwapo kichwa kitachomoka. Nilikuwa nimeiacha imenyooka. Alionyesha kwa kalamu kwamba inatakiwa ipishane chini ya ulimi, ili ulimi ukianguka udakwe kabla ya kugusa lami. Sikuwa nimelifikiria. Gharama zote mpaka leo, na kitambaa cha mapazia kikiwemo: milioni tatu na laki nne. Mapazia sikuyapanga mimi.

Julai 5

Likizo. Watoto kwa bibi yao. Tumetoka Moshi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Same tulisimama kunywa chai. Upepo wa pale unataka kukuvua kofia kila mara. Kila tukisimama ninaweka kiganja kwenye habu za tela. Kulia ilikuwa vuguvugu, kushoto sikuweza kuacha mkono ukahesabu tatu. Nati ya beringi nilikuwa nimeikaza kwa bidii ya mtu asiyejua. Jeki, toa kifuniko, toa kotapini, legeza, kaza huku gurudumu linazunguka, rudisha nyuma tundu moja, pini mpya. Dakika ishirini na tano. Vijana watatu wa bodaboda walikaa kama jopo la waamuzi. Hedaru nilipima tena: vuguvugu kama mwenzake.

Mombo tunaacha barabara kuu na kupanda Usambara. Hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, bonde upande mwingine, na mabasi yanayopiga honi kabla ya kona kwa imani kwamba honi inatosha. RAV4 ilipanda kwa gia ya 2 karibu safari nzima. Tuliegesha mara moja kupoza injini, karibu na maporomoko ya Soni. Watoto wakalizunguka tela. "Ni mzinga wa nyuki," mmoja akawaeleza wenzake kwa uhakika.

Lushoto tumepewa nafasi kwenye ua wa nyumba ya wageni. Nimefungua jiko, nimewasha taa, nimeanza kukatakata viazi. Hazikupita dakika tano.

"Kaka, chipsi mayai moja, na kachumbari."

Nikamweleza. Akaangalia kaunta, sufuria, taa. "Kwa hiyo hamuuzi?" Akaondoka akiwa hajaamini. Wa pili alikuja baada ya nusu saa. Wa tatu mke wangu akamkaangia, akamlipisha.

Julai 6

Baridi ya Julai ya Lushoto si ya mzaha. Tulifunga kila kitu tukalala vizuri, lakini saa kumi na moja tone lilianguka kwenye sikio langu. Nikadhani ribiti ya saba imerudi. Nje hakukuwa na mvua. Dari nzima ilikuwa na jasho: pumzi zetu wawili usiku kucha, zimegonga mbao za baridi na kugeuka maji. Nilijenga tela lisilovuja hata hewa.

Mlinzi wa ua, mtu mwema, alitaka kutuletea jiko la mkaa tuliweke ndani usiku wa leo. Tumemshukuru na kukataa. Kwenye kiboksi kama hiki moshi usioonekana wa mkaa unaua watu wakiwa usingizini. Tumeongeza blanketi na kuacha mlango wazi kidole kimoja.

Mchana tulikwenda Irente kwa miguu. Ukingo unakatika ghafla na chini kabisa unaona Mazinde, na nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Barabara tuliyoijia inaonekana kama uzi. Mke wangu alisema, "Kwa hiyo kesho tunashuka huko na lile dude."

Julai 7, Sabasaba

Tulishuka, kweli, na tukagombana njiani.

Pale Soni soko lilikuwa limechangamka: karoti, kabichi, na viazi vya bei ambayo mama wa Moshi hawezi kuipita. Nilikuwa naangalia maji ya injini. Nilipogeuka, ndoo tatu za viazi zilikuwa zimeshaingia kwenye magunia na magunia yameshaingia jikoni nyuma ya tela. Zawadi ya dada yake, Tanga.

"Hivi vinahamia kwenye gari," nikasema.

"Kwenye gari kuna nguo na mkeka. Huku kuna nafasi."

"Nafasi ipo. Tatizo ni mahali."

Tangi la maji tulikuwa tumelimaliza, kwa hiyo ulimi umepoteza kilo 17 na kubaki na 34 hivi. Viazi karibu kilo 50, sentimita 90 nyuma ya ekseli, vinatoa nyingine 19 au 20. Unarudi kwenye kumi na tano. Unarudi Himo. Nilimwambia hivyo mbele ya muuza viazi, aliyekuwa akifuatilia kwa hamu.

Mke wangu hakuijibu hesabu. Alikwenda mbele, akashika ulimi wa tela tulilokuwa tumeliegesha, jeki ya mbele ikiwa chini, akaunyanyua kwa mkono mmoja. Akauachia. Kisha akaanza kutoa magunia mwenyewe. Viazi vilikaa kiti cha nyuma cha gari, vimefungwa mkanda. Tangi tulilijaza kwenye bomba la jirani ya soko.

Mteremko hadi Mombo: gia ya chini tangu juu, mguu mbali na breki, unagusa na kuachia tu kabla ya kona. Ukikaa juu ya breki na kilo 400 zinakusukuma, utafika chini unanusa moshi. Lori moja tulilipita limesimama pembeni na magurudumu yanafuka.

Korogwe, mkonge pande zote umepangwa kama wanafunzi mstarini. Muheza machungwa. Tanga saa kumi na mbili jioni.

Julai 8

Shemeji, mume wa dada yake, ni fundi wa kompyuta. Nilipomsimulia jasho la dari aliingia stoo na kutoka na feni mbili za kompyuta mbovu. Ni za volti 12, sawa na betri yangu, na zinakula umeme kama taa ndogo. Tumetoboa tundu moja juu nyuma, inatoa hewa, na jingine chini karibu na miguu kuingiza. Wavu wa mbu pande zote. Kazi ya saa mbili na bia mbili, na ndiyo iliyolibadilisha tela kuliko chochote nilichonunua.

Julai 9

Pangani, ufukwe wa kaskazini ya mji. Njia ya mchanga ilitumeza mita mia kabla ya minazi. Tulipunguza upepo wa tairi zote sita hadi psi 18, likatoka bila kusukumwa.

Nilitaka kuegesha karibu kabisa na maji, mlango uelekee baharini. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniacha nipange mawe chini ya magurudumu, nishushe miguu, nifungue meza. Alipoona nimemaliza akasema, "Baba, leo bamvua. Maji yatafika hapo ulipoweka chai."

Tulihama mita thelathini. Usiku nilitoka na tochi. Mawe yangu hayakuonekana.

Feni zinavuma taratibu. Dari ni kavu. Joto la pwani linapita miguuni na kutokea juu, na mapazia yanacheza kidogo. Sikuwa nimeyapanga, lakini yanafaa.

Julai 11

Tumerudi jana saa mbili usiku. Kilomita 870 kwa hesabu ya dashibodi, pamoja na kupotea mara moja Tanga. Habu zote vuguvugu. Sahani moja imevunjika. Bawaba ya mlango wa nyuma imelegea na bati limechubuka pale lilipogusana na mnazi. Jumamosi nampelekea fundi aongeze kipande cha kuzuia, na ameniagiza nimpitishie karoti za Lushoto, ambazo tulizila.

Kwa viazi vile dada yake alilipiza na nazi arobaini. Tulizikuta asubuhi ya kuondoka zimepangwa kwenye ngazi ya nyumba, na mke wangu amesimama pembeni yake, mkono kiunoni.

"Haya, Mwalimu. Zinakaa wapi?"

Chini ya kitanda, mbele ya ekseli. Kila kona, hadi Moshi, tulizisikia zikibingirika kwenda na kurudi.